Tu-stroki au Fo-stroki: Nani Ataifungua Injini?

Leo ni udongo, vilima vya kuruka, na kona zilizochimbika hadi zikawa mitaro. Tunazungumza motokrosi.

Hali ni hii. Kijana amejinyima hadi amekusanya fedha, au mzazi aliyebembelezwa mwaka mzima hatimaye amelegea. Mbele yao kuna pikipiki mbili, moja tu-stroki, nyingine fo-stroki. Wachukue ipi? Waulize waliosimama kando ya uwanja, watakaribia kushikana mashati. Mmoja atasema tu-stroki ni moshi na makelele ya mwaka arobaini na saba. Mwingine atasema fo-stroki ni njia ya haraka ya kumtajirisha muuza spea. Wote wana hoja. Mimi leo nina jibu, tena la neno moja, na nitalitoa kabla hatujaachana. Ila kuna hoja ambayo lazima niiondoe njiani kwanza, maana ndiyo inayowapoteza wanunuzi wengi. Inasema hivi: "Mabingwa wote wanaendesha fo-stroki, na wale si wajinga."

Kweli si wajinga. Lakini bingwa hanunui pikipiki yake, haifungui, na huenda hajui pistoni inauzwaje. Na sababu kubwa iliyompandisha juu ya fo-stroki imo zaidi ndani ya kitabu cha kanuni kuliko ndani ya injini. Nitaeleza.

Tuanze na silinda, kwa ufupi, maana mafundi mnaonisikiliza mnayajua haya kuliko mimi. Kwenye fo-stroki pistoni inashuka ikivuta hewa na petroli, inapanda ikibana, inasukumwa chini na mlipuko, kisha inapanda tena ikitoa moshi. Hapo krenki imezunguka mara mbili, na mlipuko umetokea mara moja. Milango ya kuingizia na kutolea ni valvu, nazo zinafunguliwa na kamshafti inayozungushwa na cheni ya taimingi. Tu-stroki haina kamshafti wala valvu za namna hiyo. Ina matundu ubavuni mwa silinda, na pistoni yenyewe ndiyo inayoyafungua na kuyafunga inapopita. Kila krenki ikizunguka mara moja, mlipuko umepatikana. Gia zina oili yake peke yake, lakini oili ya pistoni na krenki inachanganywa ndani ya petroli: inapita, inalainisha, inaungua, inatoka na moshi. Wavuvi wetu wa pwani wenye mashine za boti za tu-stroki hawahitaji somo hili. Wamechanganya oili kwenye madumu tangu ujana wao.

Matokeo yake ni rahisi kuyaona. Kwa silinda ya ukubwa uleule, tu-stroki ya mashindano hutoa nguvu zaidi, ina vipande vichache zaidi, na ni nyepesi. Hapa hakuna ushabiki, ni hesabu tu ya milipuko. Sasa, kama ndivyo, fo-stroki ilishindaje?

Turudi nyuma. Ubingwa wa dunia wa motokrosi wa cc 500 ulianza mwaka 1957, na bingwa wa kwanza alikuwa Bill Nilsson wa Sweden. Enzi hizo fo-stroki ndiyo iliyotawala: mapikipiki mazito ya Kiingereza na ya Kiswidi, yenye silinda moja kubwa. Mwingereza Jeff Smith alichukua taji mwaka 1964 na 1965 akiwa juu ya BSA, pikipiki iliyotengenezwa Birmingham. Mwaka uliofuata taji likaenda kwa Paul Friedrichs wa Ujerumani Mashariki. Pikipiki yake ilikuwa CZ ya Chekoslovakia, tu-stroki, na injini yake ilikuwa ya cc 360 tu. Injini ya 360 iliingia kwenye ubingwa wa 500 ikaondoka na kombe, ikarudia mwaka 1967, ikarudia tena mwaka 1968.

BSA walijibu kwa kupunguza uzito. Mwaka 1966 walimtengenezea Smith fremu ya titani, madini mepesi na ya gharama kubwa. Fremu hiyo ilikuwa ikinepa na kupasuka, na ikipasuka huko uwanjani hakuna aliyeweza kuitengeneza. Titani haichomelewi kama chuma. Wakati wa kuichomelea lazima uikinge na hewa kwa gesi ya argoni. Ufa ambao fundi yeyote wa kijijini angeuziba kwa dakika kumi kwenye fremu ya chuma ukawa msiba. Mnaona ninakoelekea.

Baada ya hapo tu-stroki ilitawala kwa miaka karibu thelathini. Suzuki walikuja na Wabelgiji wao wawili, Joël Robert na Roger De Coster, wakazoa mataji ya miaka ya sabini. Hapa niruhusuni nichepuke kidogo, kwa sababu ya lile bomba la ekzosi lenye tumbo, ambalo kila mtu amelitazama bila kujiuliza lilitoka wapi. Tumbo lile si pambo. Moshi ukitoka kwenye silinda ya tu-stroki unatoka na wimbi la msukumo. Umbo la bomba linalirudisha wimbi hilo kwa wakati maalumu, nalo linausukuma mchanganyiko mbichi uliokuwa ukitoroka urudi ndani ya silinda kabla tundu halijafungwa. Aliyeifikisha elimu hiyo mbali kuliko wenzake alikuwa mhandisi Walter Kaaden wa kiwanda cha MZ, Ujerumani Mashariki. Mwaka 1961 dereva wake, Ernst Degner, alitoroka nchi wakati wa mashindano ya Sweden, akahamia Suzuki akiwa na siri zile kichwani. Mwaka 1962 Suzuki wakapata ubingwa wao wa kwanza wa dunia, wa cc 50, na aliyeuleta alikuwa Degner huyo huyo. Kwa hiyo kila ukisikia mlio ule mkali wa tu-stroki, unasikia pia habari za mtu aliyekimbia mwaka uleule ukuta wa Berlin ulipojengwa.

Tuendelee. Fo-stroki haikufa kabisa. Mwaka 1993 Mbelgiji Jacky Martens alishinda ubingwa wa dunia wa cc 500 kwa Husqvarna ya fo-stroki, ya kwanza kufanya hivyo tangu Jeff Smith. Mwaka 1995 akafuata Joël Smets na Husaberg, pikipiki ya kiwanda kidogo cha Sweden kilichoanzishwa na wahandisi waliotoka Husqvarna. Wajapani na Wamarekani waliyatazama hayo kwa mbali. Kisha ukaja mwaka 1997, mjini Las Vegas, raundi ya mwisho ya msimu wa mashindano ya uwanjani. Doug Henry, ambaye miaka miwili kabla ya hapo alikuwa amevunjika uti wa mgongo kwa kuruka mbali kupita kiasi, alitokea na Yamaha ya majaribio iliyoitwa YZM400F. Fo-stroki, ndani ya uwanja mdogo uliojaa tu-stroki. Akashinda. Mwaka uliofuata pikipiki hiyo ikaingia madukani kwa jina la YZ400F, na Henry akachukua nayo ubingwa wa Marekani wa kundi la cc 250.

Umesikia vizuri. Pikipiki ya 400 ilichukua ubingwa wa kundi la 250. Wala hapakuwa na udanganyifu. Kanuni za Marekani ziliiruhusu fo-stroki iwe na ukubwa wa hadi cc 550 katika kundi ambalo tu-stroki ilipaswa kuishia 250. Hoja ya kanuni ilikuwa na mantiki yake: fo-stroki inalipuka nusu ya mara, basi ipewe silinda kubwa zaidi. Ukizikumbuka zile fo-stroki nzito za zamani, hakuna aliyeona hatari. Yamaha wao waliisoma kanuni hiyo kama mkataba wa shamba. Wakatengeneza injini ya valvu tano inayozunguka zaidi ya mara 11,000 kwa dakika, jambo ambalo fo-stroki ya udongo haikuwa na mazoea nalo, wakaitia ndani ya fremu ya motokrosi.

Baadaye kikomo kile kikashushwa hadi 450, lakini kazi ilikuwa imekwisha. Mwaka 2001 Yamaha wakatoa YZ250F, na hapo ndipo mizani ilipolala upande mmoja. Pikipiki hiyo ya cc 250 iliwekwa kundi moja na tu-stroki za cc 125. Mara mbili kamili ya ukubwa. Tu-stroki ya 125 inatoa nguvu za farasi 35 na ushei, tena zote zimejazana juu, kwenye mizunguko mikubwa. Fo-stroki ya 250 inatoa karibu 40 au zaidi, na zimetandazwa kutoka chini hadi juu. Mtoto wa darasa la nne aliyekwisha kupanda pikipiki angekwambia achague ipi. Ndani ya miaka michache 125 zikatoweka kwenye geti la kuanzia la mashindano ya kulipwa. Baada ya matoleo ya mwaka 2007 Honda waliacha kabisa kutengeneza tu-stroki zao za CR.

Nisiwe mwongo wa nusu habari. Kulikuwa na sababu nyingine pia. Sheria za moshi zilikuwa zikikaza, na tu-stroki ya kabureta huvujisha kwenye ekzosi sehemu ya petroli ambayo haijaungua. Honda hawakuwahi kuyaficha mapenzi yao kwa fo-stroki. Na fo-stroki yenyewe ilileta kitu cha kweli, nitakifikia. Lakini mtu akiniambia soko liliamua injini bora, namuuliza: ubora gani huo uliohitaji silinda mara mbili?

Kuna mtu mmoja anayetusaidia kuupima ubishi huu kuliko mtu yeyote. Ricky Carmichael, Mmarekani wa Florida. Mwaka 2002 alishinda mbio zote 24 za ubingwa wa nje wa Marekani, bila kupoteza hata moja, akiwa juu ya Honda CR250R. Tu-stroki. Mwaka 2004 akashinda tena mbio zote 24, safari hii juu ya Honda CRF450R. Fo-stroki. Ishirini na nne kwa ishirini na nne. Ukitaka kununua alichokuwa nacho Carmichael, hakiuzwi dukani.

Haya, tutoke kwa mabingwa twende kwa mwenye mfuko wa kawaida, anayeishi mahali ambapo muuzaji rasmi wa spea yuko nchi nyingine.

Kwetu Afrika Mashariki kuna imani iliyojengeka, na najua imetoka wapi. Imetoka kwa bodaboda. Boxer ni fo-stroki. Inabeba abiria wawili na gunia la mkaa, inanyeshewa, inabadilishiwa oili pale mwenyewe anapokumbuka, na bado inatembea makumi ya maelfu ya kilomita. Basi watu wanahitimisha: fo-stroki ni ngumu, inadumu. Mtu anaingia kwenye motokrosi na imani hiyo, ananunua fo-stroki ya 250 iliyotumika, bei ikiwa nzuri ajabu, na hajiulizi kwa nini bei ni nzuri ajabu.

Jamani, hizo ni injini mbili zisizojuana. Boxer ya cc 150 inatoa nguvu za farasi takriban 12, ikizunguka kama mara 7,500 kwa dakika. Fo-stroki ya mashindano ya cc 250 inatoa zaidi ya 40, na inazunguka kupita mara 13,000. Pistoni yake ni fupi mno, sketi yake karibu haipo kabisa, ili iwe nyepesi. Valvu zake nyingi ni za titani, zimepakwa ngozi ngumu nyembamba sana. Oili yake ni lita moja na kitu, na ndiyo inayobeba joto lote hilo. Umri wa injini hiyo hauhesabiwi kwa kilomita. Unahesabiwa kwa saa, na ndiyo maana wanaojua hufunga saa ndogo ya kuhesabu muda wa injini kwenye fremu.

Sasa vumbi. Mnalijua vumbi letu la Januari. Likipita kwenye filta ambayo haikuoshwa na kupakwa oili yake sawasawa, huingia hadi kwenye valvu na kuisugua ile ngozi nyembamba. Ikiisha, valvu inaanza kuliwa na kuzama kwenye kitako chake. Nafasi ya valvu inapotea. Dalili ya kwanza ni pikipiki kuwa ngumu kuwaka, hasa ikiwa ya moto. Wengi hapo wanasafisha kabureta, wanabadilisha plagi, wanamlaumu muuza petroli. Wengine wanafunga shimu nyembamba zaidi, iwake, wauze. Kama hakuna aliyeishughulikia, siku moja valvu inakatika ikiwa kwenye mwendo, inaangukia juu ya pistoni, na kinachofuata hakihitaji maelezo: pistoni, silinda, silinda hedi, na mara nyingi krenki, vyote kwa pamoja. Ankara hiyo inaweza kukaribia bei uliyonunulia pikipiki yenyewe.

Tu-stroki nayo inaharibika, tena mara kwa mara, asikudanganye mtu. Ringi zinaisha, pistoni inakamata ukikosea mchanganyiko. Lakini tazama inavyofunguliwa. Unatoa tangi, unatoa bomba, unamwaga maji ya rejeta, unafungua nati chache za silinda hedi, silinda unaivuta juu kwa mikono miwili, na pistoni hiyo hapo inakutazama. Pistoni, ringi, pini, beringi ndogo, klipu, gasketi. Fundi mtulivu mwenye boksi la spana na kitabu cha kiwanda anaimaliza mchana mmoja, na kijana aliyekaa pembeni akimshikia tochi safari ijayo ataifanya mwenyewe. Kwenye fo-stroki lazima kamshafti zitoke, cheni ya taimingi ishikiliwe, nafasi za valvu zipimwe kwa fila geji, shimu za unene tofauti zitafutwe, alama zilingane. Ukiruka jino moja la cheni, ukapiga stata, valvu na pistoni zinapigana kichwa. Mafundi wetu wanaweza, sisemi hawawezi. Nasema gharama ya kukosea ni kubwa, na spea za kujifunzia hakuna.

Spea zenyewe ni habari nyingine. Yamaha hawakuiacha tu-stroki kama Wajapani wenzao. YZ250 yao imebaki na injini ambayo kwa kiasi kikubwa ni ileile tangu mwishoni mwa miaka ya tisini, na fremu ya aluminiamu ya mwaka 2005. Kwa mpenda mitindo hiyo ni aibu. Kwa mtu wa Arusha au Eldoret anayesubiri kifurushi kutoka nje, ni neema: kipuri cha pikipiki ya zamani kinaingia kwenye mpya, na cha mpya kinaingia kwenye ya zamani.

Tuje kwenye kuendesha, na hapa nailipa fo-stroki haki yake. Ukitoka kwenye kona kavu yenye udongo mgumu, fo-stroki inalishika tairi la nyuma likatafuna ardhi polepole badala ya kuteleza. Ukiachia mafuta, injini yenyewe inashika, inakusaidia breki. Ukichagua gia kubwa kuliko inavyostahili, bado inakuvuta. Kwa mtu mzima anayeanza, mwenye kazi Jumatatu na mkopo wa benki, fo-stroki ya 250 inasamehe makosa mengi. Ile ya 450 sitaki kuisikia kwa anayeanza. Ina nguvu za farasi zaidi ya 50, na itamfundisha jambo moja tu, nalo atafundishwa hospitalini.

Tu-stroki ya 125 haisamehi, na kwa kijana hilo ndilo zuri lake. Nguvu zake zimekaa juu, mahali pembamba. Ukiziacha zishuke, pikipiki inalala. Lazima mkono wa kushoto ucheze na klachi, mguu ucheze na gia, na kona uingie nayo kwa kasi kwa sababu ukipoteza kasi hakuna nguvu za kuirudisha. Anayejifunza hapo anajifunza kweli. Uzito nao: YZ125 ya sasa ina kama kilo 95 ikiwa na petroli na maji, wakati YZ250F inapita 105. Kilo kumi si nyingi ukizitaja redioni. Ziinue kutoka matopeni mara ya tatu kwenye raundi ileile, tuzungumze tena. Na ukishaiinua, tu-stroki inapiga kiki moja inawaka. Fo-stroki za mwanzoni, zile za kabureta na kiki, zilikuwa na ibada yake: usiguse mafuta, itafute pistoni juu, shika wenzo mdogo wa kulegeza mgandamizo, ndipo upige. Wapo waliopoteza mbio wakiwa wamesimama wima juu ya kiki huku wenzao wakiwapita. Tangu Honda na Yamaha walipoweka stata ya umeme kwenye 450 zao za mwaka 2018 shida hiyo imekwisha, lakini zinazouzwa kwa bei tunayoiweza mara nyingi ni za kabla ya hapo.

Jambo ambalo vitabu vya Ulaya havitakwambia kwa sauti ni mwinuko. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari. Hewa ya huko ni nyepesi, na injini yoyote, ya aina yoyote, inapoteza kama asilimia 15 ya nguvu zake. Pikipiki ya kabureta, pamoja na kupoteza nguvu, inakuwa na petroli nyingi kupita hewa. Plagi inalowa, moshi unaongezeka, na unabadilisha jeti uweke ndogo. Vizuri. Sasa wikendi inayofuata unaipakia kwenye pikapu unashuka nayo Mombasa kwenye mashindano ya rafiki. Kule hewa ni nzito, na jeti ndogo ya Nairobi haitoi petroli ya kutosha. Kwenye tu-stroki petroli pungufu ni oili pungufu pia, na pistoni inaungua kabla hujamaliza mizunguko ya mazoezi. Weka jeti kubwa kabla ya kuwasha. Kabla, si baada ya kusikia mlio umebadilika. Fo-stroki za sasa zenye mfumo wa kupuliza petroli kwa kompyuta zinajirekebisha zenyewe, na hapo zinashinda bila ubishi. KTM waliweka mfumo kama huo kwenye tu-stroki zao za motokrosi za mwaka 2023, na stata ya umeme juu, ingawa bei yake itakufanya ukae kitako kwanza.

Na mchanganyiko, maana nitaulizwa. Fuata kitabu cha pikipiki yako, usimfuate shemeji. Kama kinasema sehemu 32 za petroli kwa moja ya oili, lita 5 za petroli zinataka mililita 156. Kama kinasema 40 kwa moja, lita hizo hizo zinataka 125. Tumia chupa yenye alama, na oili ya tu-stroki ya mashindano, siyo ile ya chupa ya maji iliyopimwa gengeni. Dumu lililochanganywa liandike kwa rangi. Anayejaza petroli tupu kwenye tu-stroki ana dakika chache tu za furaha.

Jibu, basi. Tu-stroki.

Hilo ndilo neno langu kwa asiye na timu, asiye na mdhamini, ambaye injini ikifa atailipia mwenyewe. Kwa mtoto hata hakuna mjadala. Nenda Jamhuri Park, Nairobi, au Garuga kule karibu na Entebbe, uwatazame wadogo wa cc 50, 65 na 85. Tu-stroki haikuondoka kwao kamwe, na hata ubingwa wa dunia wa vijana unakimbizwa kwa 65, 85 na 125 za tu-stroki. Aliyelelewa na 85, mpe 125. Kwa mtu mzima mwepesi, 125 hiyo hiyo. Kwa mzito aliyekwisha kuzoea, 250 ya tu-stroki. Namtoa mmoja tu: mtu mzima anayeanza, ana fedha ya kununua mpya au karibu na mpya, na ana fundi aliyewahi kufungua fo-stroki ya mashindano na kuifunga ikawaka. Huyo achukue fo-stroki ya 250 na asimsikilize mtu. Kabla ya yote waulize waandaaji wa klabu yako 125 inawekwa kundi gani, maana wakifuata kanuni za kimataifa utakutana na 250 za fo-stroki kwenye geti, na ujue mapema kwamba unaingia ukiwa umepunjwa. Kuna na za umeme zinakuja, zisizo na pistoni wala oili ya kuchanganya. Hizo tutazipangia siku yake.

Ukienda kununua iliyotumika, nenda asubuhi na mwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika. Gusa injini. Ikiwa ya moto, ameipasha, na ana sababu. Kama ni fo-stroki, muulize saa ngapi zimepita tangu valvu zipimwe, na akionyesha kutokuelewa swali, mshukuru uondoke. Iwashe ikiwa baridi, iache ipate moto, izime, uiwashe tena hapo hapo. Ikigoma mara ya pili, hizo ni valvu zinakusemesha. Kama ni tu-stroki, omba ruhusa utoe bomba. Ni springi mbili tatu na bolti moja. Chungulia kwenye tundu kwa tochi, zungusha kiki taratibu kwa mkono, utazame pistoni ikipita. Ikiwa na mikwaruzo ya kusimama wima upande wa ekzosi, iliwahi kukamata. Usikasirike. Omba bei ya pistoni ipunguzwe, na kama silinda nayo imekwaruzwa kiasi cha kushika ukucha, omba na bei ya silinda.